Ua Walioukataa Mbawakawa

Siku ya tisa baada ya mbawakawa kufunguliwa, kijiji cha Mrereni kilikuwa uchi, na wenyeji walikuwa wakiangalia pembeni kama watu waliokutwa bafuni.

Aikande alipandisha njia ya migombani taratibu, mikono nyuma, akijionea. Kulia kwake, ua wa masale wa mwalimu mkuu mstaafu ulikuwa vijiti vitupu. Kushoto, ua wa mama mpika mbege, ile pombe ya ndizi, ulikuwa umetobolewa jani kwa jani mpaka ukawa chekecheke. Kila shina la isale lilikuwa limejaa mbawakawa, wadogo kama punje za kahawa, rangi ya shaba, wakitafuna bila haraka wala aibu. Ukisimama kimya uliwasikia. Aikande alisimama kimya mara nyingi asubuhi ile, kwa raha zake.

"Mtaalamu!" Mwalimu alimwita kutoka barazani kwake. "Wadudu wako wamepotea njia. Kwangu hakijawahi kuingia kitu."

"Shikamoo, Mwalimu. Wamepotea njia mashina mia mbili mfululizo?"

"Upepo, binti yangu. Upepo unabeba mengi."

"Kweli. Na ni upepo huohuo uliosogeza ua wako mpaka kwenye choo cha jirani?"

Mwalimu akakumbuka kwamba ana chai jikoni. Aikande akaendelea na safari. Alikuwa na miaka thelathini na sita, hakuwa na mume wala uvumilivu, na wiki hii alikuwa ameisubiri kwa miaka minane.

Watu wa mlima ule walitenganisha vihamba vyao, mashamba ya urithi ya kila familia, kwa masale tangu enzi za mababu: mmea wenye majani marefu membamba, unaoota hata ukichomekwa na mvivu. Kisha ikaja Ofisi ya Mipaka Hai. Wataalamu wake waliandika ndani ya utomvu wa kila isale jina la ukoo na namba ya kihamba, wakachoma ramani za karatasi, na kuanzia hapo mpaka haukuwa mstari tena, ulikuwa mmea. Mara mbili kwa mwaka droni ilipita juu ikisoma utomvu, na palipokuwa na isale hai ndipo ilipoishia haki yako. Wenye suti wakapigiana makofi. Hakuna aliyemwuliza hata bibi mmoja wa mlimani, ambaye angewaambia bure kwamba mmea huota.

Na mmea unaoota unaweza kuelekezwa. Haukupita mwaka, yakaingia maji ya mbio, dawa ya kuharakisha mimea. Unayamwaga upande wa jirani akiwa kanisani. Machipukizi yanatoka upande ule, mashina ya nyuma yanakauka, na msimu ukiisha ua umepiga hatua moja. Utomvu haudanganyi jina, ila haujui ulisimama wapi mwaka jana. Kijiji chenye makanisa manne kikajifunza kutembeza nyua.

Ndipo Aikande akatengeneza mbawakawa. Alichukua mdudu wa kawaida, yule anayeharibu vichaka vya bustani na kula kila jani analokutana nalo, akakaa naye maabara miaka sita, kizazi baada ya kizazi, mpaka akapata mdudu mwenye kudeka. Juu ya isale safi alikufa njaa. Isale lililokunywa maji ya mbio, hata kama ni miaka ishirini iliyopita, alilinusa kutoka mbali na kulimaliza. Ofisi ilipotafuta kijiji cha majaribio, Aikande alipendekeza chao. Alitoa sababu tatu kwa maandishi, zote za kitaalamu, zote za uongo. Sababu ya kweli ilivaa kofia ya sufu na iliitwa Elinisafi.

*

Elinisafi alikuwa mdogo wa marehemu baba yake. Kati ya kihamba chake na cha mama yake Aikande kulikuwa na nyua mbili zinazotazamana, na katikati yake njia ya kuteremkia mferejini, yenye upana wa ng'ombe wawili kupishana. Baba alipokufa, njia ikaanza kusinyaa. Ng'ombe wawili wakawa mmoja, mmoja akawa mbuzi, na mwishowe binadamu akawa anapita ubavu. Mama akalia mbele ya ukoo kwamba shemeji anamla mjane. Aikande, ndiyo kwanza katoka chuoni na vyombo vipya, akaitwa apime, naye akapima, akasema ua wa baba yake mdogo ndio uliotembea.

Ukoo ulihukumu siku hiyohiyo. Sehemu ya chini ya kihamba cha Elinisafi, yenye migomba iliyonona, alipewa mjane, naye Elinisafi akatengwa. Hakuna aliyempokeza kata ya mbege, hakuna aliyemwamkia. Mwaka wa tatu mke wake alifariki na hakwenda mtu. Alichimba kaburi mwenyewe na vibarua wawili kutoka tambarare. Aikande aliposikia alisema kwamba anayemwibia mjane asitegemee wabeba jeneza, kisha akaendelea na chakula chake.

Sasa alikuwa amekuja kuona mwizi akivuliwa nguo na wadudu, mbele ya watu, kisayansi.

Alipinda kona ya mwisho, akaona kijani.

Ua wa Elinisafi ulikuwa umesimama mzima, majani yakimeremeta kwa umande, hata kitobo kimoja hakikuwepo. Mbawakawa walitembea juu yake kama wasafiri wanaopita mji wasioujua, wakaruka njia, wakatua upande wa pili. Upande wa pili ulikuwa wa mama. Upande wa pili ulikuwa umekwisha. Hapakuwa na jani, na gome lenyewe lilikuwa limeanza kugugunwa.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuwadharau mbawakawa. Wamelewa, alisema moyoni. Wameshiba wakapoteza pua. Alitoa chupa mbili mkobani. Katika moja alitia jani la Elinisafi, katika nyingine kipande cha mwisho cha jani la mama alichokiokota chini, akaweka mbawakawa kumi na wawili kila chupa, akaketi juu ya jiwe la mfereji kusubiri. Kabla jua halijafika usawa wa migomba, kipande cha mama kilikuwa kimekwisha. Jani la Elinisafi lilikuwa vilevile alivyolikata. Mbawakawa wake walikuwa wamekusanyika kwenye kizibo, wakiomba kutoka.

"Unatafuta nini kwenye ua wangu?"

Elinisafi alikuwa amesimama upande wake wa ua, mundu mkononi, kofia ya sufu kichwani. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu hukumu.

"Napima," Aikande alisema.

"Tena?"

Alisema neno hilo moja, akageuka akaenda kuwakatia ng'ombe wake majani. Aikande alibaki na chupa zake mbili. Alikuwa mtu wa kudharau wengine, na hakuwa amewahi kujua jinsi inavyouma kudharauliwa na mtu mwenye haki ya kufanya hivyo.

*

Mama yake alikuwa akimenya ndizi za mtori katika nyumba mpya, ile iliyojengwa kwenye sehemu ya chini iliyotwaliwa kwa shemeji. Hakuwa peke yake. Kwenye kiti cha wageni alikaa Mzee Kinyaiya, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa ukoo, aliyesoma hukumu ile kwa sauti yake ya ibada ya kipaimara. Kati ya miguu yake palikuwa na ndoo yenye mfuniko. Aikande aliijua harufu ya maji ya mbio kabla hajafika mlangoni.

"Mama, ua wetu umeliwa."

"Nina macho."

"Wa baba mdogo haujaguswa."

"Nina macho, nimekwambia." Mama hakusimamisha kisu. "Kwani mdudu wako si ulisema hakosei? Ulijisifu mpaka kwenye redio."

"Ni wewe uliyetembeza."

"Ni mimi. Kaa chini, unanizibia mwanga."

Aikande hakukaa. Mama aliinua uso, na usoni mwake hapakuwa na toba hata ya kuazima.

"Kaburi la baba yako lilikuwa bichi. Wewe uko bweni, mimi peke yangu na vijibanda viwili. Huku chini wajane wote walikuwa wanaliwa, mmoja mmoja. Nikaamua kula kwanza."

"Na kumshitaki juu ya hayo?"

"Angenishitaki yeye. Anayetangulia kulia ndiye anayefutwa machozi." Akatupa ganda. "Halafu usinitolee macho. Nani alimtia hatiani? Mimi nililia tu. Ulikuja na vyombo vyako vinavyong'aa, ukachomeka mambo yako ardhini, ukaanza kupima kutoka ua wangu kwenda kwake. Kutoka kwangu! Hukuuliza kama wangu ulisimama. Nilikuwa nakuangalia, nikasema, haya, msomi."

Aikande aliona siku ile waziwazi, kamba ya kipimo imefungwa kwenye shina la mama. Alikuwa amesomea miaka minne kwamba kila kipimo kinahitaji mahali pasipohama, na alipotakiwa kuchagua mahali hapo alimchagua mama yake bila hata kufikiri. Mtoto gani wa mlimani angechagua vingine? Aliwaza hivyo na mara akajidharau kwa kuwaza hivyo, maana huo ndio utetezi wa kila mjinga wa Mrereni.

Mzee Kinyaiya alikohoa.

"Yaliyopita si ndwele, binti. Tugange ya kesho. Droni inasoma kesho asubuhi. Utaratibu unaujua kuliko sisi. Nyua zikiwa zimekufa pande zote, hukumu za zamani zinabaki. Lakini ukibaki ua mmoja hai..."

"Unasomwa huo," Aikande alimalizia. "Na mipaka yote inayoufuata inapimwa upya kuanzia hapo."

"Yote," alisema Kinyaiya, akafuta kipara kwa kitambaa. "Kijiji kizima. Watu wanagombana tangu juzi. Ua mmoja tu unaharibu umoja wetu." Alilitamka neno umoja kama alivyolitamka madhabahuni. Akaisukuma ndoo mbele kwa ncha ya kiatu. "Mizizi yake ikinywa mchana huu, mbawakawa wanapanda kabla ya jioni. Kesho tunaamka tuko sawasawa wote. Wewe huna mtu wa kukuuliza. Ukionekana pale, unapima."

"Kwa nini usimwage mwenyewe, mzee?"

"Mimi ni mtumishi wa Mungu."

Aikande alicheka, kicheko kibaya. Kisha akamwangalia mama yake, mikono yake iliyojaa utomvu wa ndizi, na kicheko kikaisha.

"Ukisema," mama alisema polepole, "nyumba hii iko kwa Elinisafi. Jiko hili. Kitanda changu. Nina miaka sabini na mbili. Nitarudi kwenye kibanda kinachovuja nikiwa mwizi, na wewe utarudi mjini kwenye mshahara. Useme, lakini ujue unamsemea nani."

Hapo Aikande aliumia kweli. Angeweza kumdharau Kinyaiya mpaka kesho kutwa na asichoke. Lakini mama yake, Aikande hakuweza kumdharau. Alimwogopa, alimpenda, alikuwa na hasira naye, na yote hayo hayakubadilisha hata jani moja.

Alichukua ndoo.

Alipita nayo njia nyembamba, ubavu, kama watu wote. Mizizi ya ua wa Elinisafi ilikuwa imejitokeza juu ya udongo, karibu na kidole chake cha mguu. Ingekuwa kazi ya pumzi mbili. Hakuna chombo duniani ambacho kingejua maji yamemwagwa leo au miaka kumi nyuma. Yeye mwenyewe ndiye aliyemtengeneza mbawakawa asijue tofauti, kwa kuwa hakudhani mtu angependa kumtia hatia mtu safi. Na hata hivyo watu walipenda. Watu mia tatu walipenda, na mmoja wao alikuwa ameshika ndoo.

Alifungua mfuniko. Mbawakawa wakaanza kuja kabla hajainamisha mkono, wakatua ukingoni, wakatua kwenye vidole vyake. Akafunga. Akaenda mpaka kwenye gari la Ofisi, akaiweka ndoo nyuma, akafunga mlango kwa ufunguo. Hakujiona shujaa.

*

Droni ilipita saa mbili asubuhi, ikazunguka juu ya kijiji chenye vijiti, ikasema kimya, kimya, kimya, kwenye kishikwambi cha Aikande, ukoo baada ya ukoo. Watu walikuwa wamejaa uwanja wa ofisi ya kijiji, wamevaa vizuri kama wanaenda harusini. Kila jina lilipotajwa kimya, mwenyewe alishusha pumzi. Kisha droni ikafika juu ya njia ya mfereji.

"Elinisafi," Aikande alisoma. "Hai. Na mbawakawa wanashuhudia kwamba haujawahi kuhama."

Mzee Kinyaiya akamtazama kama mtu aliyeibiwa ndoo, na kweli ilikuwa ndoo yake. Kishikwambi kikauliza swali linalofuata, ambalo kilikuwa hakijawahi kuuliza pale Mrereni: kipimo cha awali kilikosewa na nani? Angeweza kujibu kwa kubonyeza, kimyakimya. Lakini hukumu ya Elinisafi ilisomwa kwa sauti, mbele ya watu, na yeye alikuwa amesimama pembeni akiwa na furaha.

"Kilikosewa na mimi," alisema. "Nilipima kutoka kwenye ua uliokuwa unatembea. Ua wa mama yangu. Baba mdogo hakuiba hata shubiri. Tulimnyang'anya kihamba, tukamwacha amzike mkewe na vibarua, na mtu pekee wa kijiji hiki ambaye hakumwaga maji ya mbio ni yule mliyekataa kumwamkia."

Mama yake aliinuka, akajifunga kanga, akaondoka bila kugeuka. Mwalimu mkuu mstaafu alisema kwa sauti kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu. Hakuna aliyempinga.

Aikande hakuwasubiri. Alipanda moja kwa moja kwa Elinisafi, na njiani, ni aibu kusema, alianza kujisikia vizuri. Alikuwa amesema kweli hadharani, imemgharimu, na sasa ilikuwa imebaki mila. Huko kwao anayekosa huchuma jani la isale kwenye ua wa ukoo wake, akalifunga fundo, akalipeleka mkononi kwa aliyemkosea. Na aliyepelekewa isale hawezi kukataa, hata kama kosa ni kumchinjia ng'ombe wake. Kwao halikuwepo jani. Kwenye ukoo mzima lilikuwepo kwenye ua mmoja tu.

Elinisafi alikuwa akipalilia kaburi la mkewe, pembeni mwa nyumba.

"Shikamoo, baba mdogo."

Alinyoosha mgongo kwa kituo. Hakuitikia.

"Nimesema mbele ya watu wote. Umerudishiwa kihamba. Jina lako limesafishwa."

"Lilikuwa chafu lini?"

Aikande alipoteza alichokuwa amepanga. "Naomba jani moja la isale," alisema. "Kwetu yameisha. Ni ukoo mmoja."

"La nini?"

"La kukuletea wewe."

Mzee alimwangalia, na Aikande akaona kwamba hana hasira naye. Hasira ingekuwa heshima kidogo.

"Ukiniletea isale nitalipokea," alisema. "Mila inanilazimisha, na mimi naishika mila, wewe ni shahidi. Lakini mahali gani mila imesema nikupe? Mmekula kihamba changu, mmekula mazishi ya mke wangu, na sasa hata jani la kuniombea msamaha unataka kulitoa kwangu?"

Elinisafi akauendea ua wake, akachagua shina moja, akalikata kwa mundu, urefu wa shubiri mbili. Kisha akalichuna majani, moja moja, mpaka la mwisho kabisa la ncha, akayatia yote mfukoni mwa koti. Akampa kijiti kitupu.

"Isale lisilonyweshwa kitu linachukua muda gani kutoa jani la kufunga fundo?"

"Miaka minne," Aikande alisema. "Mitano, penye kivuli."

"Kwenu pana kivuli kingi." Aliokota jembe lake. "Kapande leo. Mimi nina themanini na moja."

Akarudi kupalilia. Aikande alishuka na kijiti chake mpaka penye gari, akasimama akiangalia ndoo kupitia kioo. Maji ya mbio yangemtolea jani ndani ya wiki tatu. Mbawakawa wake wangelimaliza siku hiyohiyo.

Akaenda kwa mama yake kuomba jembe.